Doto wa Kwenye Kioo

Kambi ya mgodi, Geita
4 Oktoba 1936

Mama Limi,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, isipokuwa vumbi la mawe limenikaa kifuani na asubuhi nakohoa.

Picha kutoka kwa yule fundi wa Shinyanga ilifika Jumatano. Niliifungua mbele ya wenzangu, kwa sababu nilikuwa nimewaringia mwezi mzima kwamba nitaletewa sura ya binti yangu ambaye sijamwona tangu azaliwe. Wakanizunguka. Masele ndiye aliyesema kwanza, kabla yangu: "Hongera, baba wa mapacha."

Mke wangu, umekaa katikati, umevaa kanga ya maua, na kila goti lako lina mtoto. Wako wawili, wamelala, na sura ni ile ile.

Uliniandikia kwamba umejifungua mtoto mmoja. Huyu wa pili ni nani?

Masele anakuja huko likizo. Nimempa picha ampelekee Mama aitazame, maana mambo haya yeye anayajua kuliko mimi.

Mumeo,
Mihayo


Kharumwa
12 Oktoba 1936

Fundi Abdu Sabiti,

Leo sikutumii salamu. Ukitaka kukasirika, kasirika, tutakuwa wawili.

Mimi ni yule mwanamke aliyekuja dukani kwako mwezi wa nane juu ya lori la pamba, vumbi hadi kwenye kope, na mtoto wa miezi mitano. Utanikumbuka, kwa sababu mtoto alinyonya akalala fofofo na wewe ukafurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Ulinikalisha chini ya lile paa lako la kitambaa cheupe, ukaniambia nisipumue sana. Sikuisubiri picha. Ulisema utaiosha na kuipeleka posta mwenyewe hadi mgodini kwa mume wangu, nami nikakushukuru.

Jana nimeiona. Aliyenionyesha ni mama yake mume wangu, Mayu Mbuke. Aliiweka juu ya ungo wa mtama niliokuwa napepeta, akaniuliza mwingine nimempeleka wapi.

Fundi, mimi nina mtoto mmoja. Kwenye picha yako nina wawili. Umechukua mtoto wa mwanamke mwingine ukampachika kwenye goti langu. Mnavyofanya huko kwenye chumba chenu cha giza sijui, wala sina haja ya kujua. Ninachojua ni kwamba huku mapacha, mabasa wanavyoitwa, si mchezo. Wakizaliwa, wazazi hufanyiwa desturi, na nyumba, na mashamba. Zisipofanywa, watu husema mvua imezuiwa. Na mvua mwaka huu, kama mjini hamjatambua, haijadondosha hata tone.

Mwanangu nilimzalia kwetu Masumbwe, mikononi mwa mama yangu Zipora, kama wazaliwa wengi wa kwanza wanavyozaliwa. Hakuna mtu wa ukweni aliyekuwapo. Kwa hiyo sasa wanasema nilizaa wawili, mmoja akafa, nikamficha nisifanyiwe desturi, kwa kuwa nimesoma kwa masista na kichwa kimekuwa kikubwa. Mwanangwa wetu, ndiye mkubwa wa kijiji, ameshaambiwa. Wakiniona nina kosa nitarudishwa kwetu peke yangu, na Limi atabaki kwao.

Mtafute mwenye mtoto huyo. Uniandikie jina lake na upige mhuri wa duka lako.

Scolastika, Mama Limi


Shinyanga
21 Oktoba 1936

Kwa Mama Limi,

Baada ya kukutakia afya wewe na mtoto, na baada ya kukusamehe kwa kuninyima salamu (mimi siwezi kumnyima mtu, mama yangu Mwahija alinilea vingine), nakujulisha kwamba barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeketi.

Dukani kwangu watoto hawachanganywi. Kila kioo cha picha kina namba yake, na chako ni chako. Lililotokea ni jambo dogo la kazi. Mimi sipigi picha za kufumba na kufumbua kama wale wenye visanduku vya mkononi. Mimi hufunua jicho la kamera nikahesabu: ishirini, arobaini, pengine mia, na kioo kinakunywa mwanga taratibu. Kitu kikitulia, kioo hukikumbuka. Kikitembea, hukisahau. Uliiona ile picha ya soko dirishani mwangu. Ilikuwa siku ya gulio, watu wamejaa, na kwenye picha hakuna mtu hata mmoja ila mbwa aliyelala chini ya meza ya muuza chumvi. Watu wote walikuwa mbioni, yeye peke yake alikaa.

Basi mtoto wako alijigeuza. Watoto hujigeuza. Waeleze wazee hivyo, nao ni watu wazima, wataelewa.

Lakini picha ni nzuri, Mama Limi. Nasema kama fundi. Hasira ikipoa, itazame tena kwa jicho hilo.

Wako katika kazi,
Abdu bin Sabiti, Mpiga Picha


Kharumwa
30 Oktoba 1936

Fundi Abdu,

Hasira haijapoa. Imepata kuni.

Umenijibu kana kwamba nimelalamikia fremu imepinda. Umeniambia kikitembea kioo hukisahau. Sawa. Limi angejigeuza angekuwa ukungu, au asingekuwepo, kama watu wa soko lako. Hawa si ukungu. Nimewatazama mpaka macho yameuma. Kila mmoja ana kope zake, kila mmoja ana ushanga shingoni, kila mmoja ana kidole gumba mdomoni. Ni mtoto gani anayejigeuza kutoka goti la kulia hadi la kushoto bila kuamka, akafika huko akatulia tena?

Halafu nimekumbuka. Nilikuwa kisimani, ndoo imejaa, sauti yako ikanijia kama ulivyosema siku ile. Uliufunika mdomo wa kamera na kofia yake, ukasema: "Mama, mhamishie goti la pili, polepole asiamke, na wewe usisogee popote." Nikadhani ya kwanza imekwisha na sasa unaniongezea ya pili. Nikakuona mtu mkarimu. Ukafunua, ukahesabu tena.

Limi hakujigeuza. Ulimgeuza wewe, kwa mikono yangu mimi.

Huku nyumbani Mayu Mbuke ameacha kumwita Limi. Anamwita Kulwa. Hata mtu wa mjini anajua kwamba pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, kwa hiyo kila akimwita Kulwa ananiuliza Doto yuko wapi. Na anauliza vitu ambavyo sijui anavitoa wapi. Nilimfunga kwa kanga au kwa ngozi? Nilimlaza pakavu au penye maji? Namwambia hakuna mtu niliyemfunga wala kumlaza, naye anatikisa kichwa kana kwamba ananihurumia, na hiyo huruma ndiyo inayonichoma zaidi. Watoto wa jirani wamedakia. Kulwa, Kulwa. Mwanangu sasa akiitwa hivyo anageuka.

Naomba jibu la neno moja. Uliniambia nimhamishe, au hukuniambia?

Scolastika


Shinyanga
8 Novemba 1936

Mama Limi,

Nilikuambia.

Nimekaa na kalamu siku tatu kabla ya kuandika neno hilo moja ulilolitaka, kwa hiyo niruhusu na mengine. Kazi hii nimeifanya miaka minane. Watu wanakuja wanataka waonekane wamevaa viatu. Nawapiga, nawapa, wanaondoka wameridhika, na mimi nabaki na kamera inayoweza kufanya makubwa kuliko viatu. Kioo hakioni dakika moja, kinaona zote kwa pamoja na kuziweka mahali pamoja. Nilijua siku nyingi kwamba nikimpata mtu asiyesogea kabisa, nikagawa hesabu katikati, ishirini huku na ishirini kule, kioo kitamkubali mara mbili. Mtu mzima hawezi, anapepesa. Nilihitaji mtoto aliyelala kikwelikweli juu ya mama anayejua kukaa. Wewe ulikaa kama jiwe la kusagia. Sikuwahi kupata mtu anayekaa vile.

Nilikuwa nipige nyingine ya kawaida kwa ajili ya mume wako. Lakini hii ya wawili ilipotokea kwenye dawa ya kuoshea, nikaipenda mno, nikaona na yeye ataipenda. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nimekosa.

Sasa shika dawa yake. Chukua picha uisogeze juani, utazame miguu ya watoto. Utaona maua ya kanga yako yanapenya na kuonekana ndani ya miguu yao, goti hili na goti lile. Ni kwa sababu kila goti lilikuwa na mtoto nusu ya hesabu tu, na nusu nyingine lilikuwa tupu. Wewe ulikuwepo hesabu yote, kwa hiyo umekolea. Mtoto wa kweli hapenyezi maua. Waonyeshe hilo, hakuna atakayebisha.

Abdu bin Sabiti


Kharumwa
16 Novemba 1936

Fundi Abdu,

Niliwaonyesha.

Jana Jumapili niliwaomba wazee waje uani kwa mama mkwe wangu, nikasimama mbele yao, mwanamke peke yangu, nikaeleza kama mwalimu. Kofia imefunikwa, mtoto akahamishwa, kofia imefunuliwa. Nikaisogeza picha juani. Tazameni maua, nikasema, mtoto wa nyama na damu hapenyezi maua. Waliipokezana. Walikubali kabisa kwamba maua yanaonekana. Kisha mmoja akasema kwamba mtu unayeona vitu nyuma yake ni mzimu, na hilo lajulikana. Wakaitikia. Kisha mwingine akatazama vizuri zaidi, akauliza mbona maua yanapenya kwa wote wawili.

Unaona ulichonifanyia? Asubuhi mwanangu alikuwa na pacha aliyekufa. Kufika jioni alikuwa maiti na yeye. Leo kisimani nilimwomba jirani yangu anishikie Limi nijitwike ndoo, mwanamke ambaye wanawe nimewapakata wote, akarudisha mikono nyuma. Nililia njia nzima, na si kwa huzuni. Nilikuwa na hasira hadi maji yalimwagika.

Dawa yako basi. Sitaki nyingine ya kwenye karatasi.

Mwanangwa ameweka baraza tarehe 12 Desemba. Njoo na sanduku lako na miguu yake mitatu, uwapige wazee wenyewe mbele ya macho yao. Katekista wetu Theonest, anayenipelekea barua hizi kwa baiskeli, atakupokea na utalala kwake.

Scolastika


Shinyanga
23 Novemba 1936

Mama Limi,

Nimesikitika sana, na mke wangu Mwasiti amesikitika zaidi, amenisomesha barua yako kwa sauti hadi mwisho.

Ningekuja. Lakini mfungo umeanza wiki iliyopita, na safari ya siku mbili juu ya lori na swaumu kinywani siiwezi kwa umri wangu. Pia vioo havipendi barabara yenu, vitafika unga. Pia mvua ikianza nitakwama huko hadi Februari. Badala yake nimekuandikia waraka rasmi, umo ndani ya bahasha hii, unaosema kwamba mtoto ni mmoja, na nimeupiga mhuri mara mbili. Mwanangwa akiusoma yataisha.

Nakuombea kila baada ya kufuturu.

Abdu bin Sabiti


Kambi ya mgodi, Geita
27 Novemba 1936

Mama Limi,

Lori la mgodi lilitumwa stesheni ya Shinyanga kufuata vyuma vya mashine, nami nikachukuliwa kama mpakiaji. Nikaona niende mwenyewe kwa huyo fundi. Duka lilikuwa limefungwa kwa sala ya adhuhuri. Sikuhitaji kuingia.

Upo dirishani. Picha yako imekuzwa ikawa pana kama sinia, imewekwa fremu, na watu wamesimama wanakutazama. Chini yake pameandikwa kwa wino mweupe: MAPACHA.

Wewe unaniandikia kwamba ni kamera. Mwenye kamera ameandika kwamba ni mapacha. Mtu asiyetujua anajua nyumba yangu kuliko mimi? Nilirudi kwenye lori.

Kama kuna kaburi, niambie mimi kabla ya kuwaambia wao.

Mihayo


Kharumwa
1 Desemba 1936

Abdu,

Nimeliacha neno fundi, maana fundi hujua anachokitengeneza.

Kwa hiyo ulikuwa na nafasi ya kunitundika dirishani. Ulikuwa na nafasi ya kunikuza nikawa sinia, na kutafuta fremu, na kuchanganya wino mweupe. Mfungo haukukuzuia hilo. Ulikuwa unaniombea kila baada ya kufuturu na mimi niko pale nyuma ya kioo, kila mpita njia ananihesabia watoto. Waraka wako wenye mihuri miwili unasema mtoto ni mmoja. Dirisha lako linasema wawili. Mume wangu amefika mlangoni kwako na ameamini dirisha.

Nilikuja kwako nikiwa mke wa mtu ambaye hajamwona mwanawe. Nilitaka kitu kimoja tu, amjue. Ulikuwa na haki ya kupenda kazi yako. Hukuwa na haki ya kuipendea juu ya magoti yangu bila kuniambia. Ungeniambia, pengine ningekubali, na ningeandika nyuma ya karatasi kwa mkono wangu kwamba ni Limi na Limi, tungecheka wote mpaka mgodini. Neno moja tu lilitakiwa, na ulininyima kwa kuwa uliniona mwanamke wa shamba anayekaa vizuri kama jiwe la kusagia. Jiwe la kusagia halisomi barua, Abdu. Mimi nasoma, na zako zote ninazo.

Sasa nisikilize, na safari hii mimi ndiye ninayeagiza picha.

Lori la mgodi linakuja stesheni tena tarehe 7. Mume wangu atakuwamo, katekista amemwandikia apite kwako hata kama hataki. Mkalishe kwenye kiti kile kile. Mwambie kabla ya kuanza kila utakachofanya, hatua kwa hatua, jambo ambalo hukunifanyia mimi. Hesabu ishirini amekaa. Funika. Msimamishe pembeni ya kiti, mkono wake juu ya kiti. Hesabu ishirini. Umesema mtu mzima hawezi kutulia. Huyu anajua kunyamaza na kukaa hivyo hivyo, nakuhakikishia. Mfanye wawili, kama ulivyomfanya mwanangu.

Hapa Kharumwa hakuna asiyejua kwamba Mihayo alizaliwa peke yake. Hata mama mkwe wangu atakosa la kusema, na nataka kuwepo akilikosa.

Scolastika


Shinyanga
8 Desemba 1936

Mama Limi,

Picha imo ndani, kati ya mbao mbili nyembamba. Usiinamishe bahasha.

Alikuja amekunja uso. Nilimweleza kila kitu kabla ya kugusa kamera, kama ulivyoagiza, na nikamwambia pia kwamba ile MAPACHA niliiandika kwa kiburi, kwa sababu watu hawasimami dirishani kutazama kofia iliyofunikwa na kufunuliwa. Akakiendea kiti. Alikaa. Ulisema kweli, hakupepesa. Aliposimama, nikamwambia aweke mkono pale ambapo bega lake lilikuwa, juu ya mgongo wa kiti. Nilimwingiza kwenye chumba cha giza aione ikitokea kwenye dawa. Kwanza alitokea aliyekaa, halafu aliyesimama nyuma yake, na mkono wa huyu uko begani kwa huyu. Alitazama muda mrefu. Akasema, "Basi alikuwa ananiambia kweli tangu mwanzo." Nikamwambia ndiyo. Akasema atakuandikia, kisha akasema hajui aanzie wapi.

Yako nimeitoa dirishani. Mwasiti alitaka kuitoa yeye, nikamwomba aniachie.

Ni picha bora kuliko zote nilizopiga, hii ya mume wako, na sitamwonyesha mtu ila kwa ruhusa yako.

Abdu


Kharumwa
14 Desemba 1936

Fundi Abdu,

Nimekurudishia jina. Usilipoteze tena.

Picha ilifika nzima. Theonest aliibeba kifuani siyo nyuma ya baiskeli. Sikumwonyesha mtu. Nilitaka baraza lote liwepo, na nilitaka zaidi Mayu Mbuke awe ameketi mbele. Miezi miwili amemwita mwanangu jina la watu wengine, na miezi miwili nimepanga uso nitakaokuwa nao siku atakaponyamaza. Nakuambia wazi ili usinidhanie mtu mwema.

Mwanangwa aliuliza mara ya mwisho Doto yuko wapi. Nikampa picha. Aliitazama, akaisogeza, akaangua kicheko hadi fimbo ikamdondoka. Mihayo wawili, mmoja amemkalia mwenzake kiti. Ikazunguka, kila mzee akacheka kivyake, kila mmoja anakumbuka alivyomwona Mihayo akichunga ndama peke yake, akianguka mtini peke yake. Yule aliyesema habari za mzimu alisema sasa amelielewa lile sanduku. Mwanangwa akatamka kwamba hakuna Doto, hakujawahi kuwa na Doto, na Mama Limi arudi kwenye kazi zake. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla, usiku mzima, bila mtu yeyote kukiri chochote. Hakuna aliyetaja hilo.

Picha ikamfikia Mayu Mbuke ya mwisho. Nikajiweka tayari. Hakutahayari, Fundi. Aliishika kwa mikono miwili akaitazama, wengine wanaondoka, yeye anaitazama, kisha akaifunga kwenye nguo yake akaenda nayo nyumbani. Nikaona nimenyang'anywa ushindi wangu. Nikamfuata nyuma nikiwa na maneno tele.

Alasiri alikuja jikoni kwangu. Akakaa chini, jambo ambalo hajalifanya tangu niolewe. Akaitoa picha akaweka kidole juu ya yule aliyesimama, akasema:

"Doto amekua."

Sikumwelewa. Akasema tena, "Tazama alivyo mkubwa. Amemshika ndugu yake bega."

Ndipo akaniambia. Mihayo alizaliwa shambani, wakati mume wake yuko safarini kupeleka mizigo pwani, na wa pili akatoka hana pumzi. Mayu mwenyewe alikuwa bado msichana, na yuko peke yake. Aliogopa kwamba watasema amezuia mvua, akamfunga yule mtoto kwa ngozi ya mbuzi akamlaza kando ya maji. Akarudi nyumbani na mmoja. Hakumwambia mtu. Mume wake alikufa hajui. Miaka thelathini, kila mvua ikichelewa, alihesabu kuwa ni yeye. Ilipofika picha yako yenye watoto wawili, alijua kabisa mimi nimefanya nini, kwa sababu ndicho alichofanya yeye.

Unataka kujua nilihisi nini? Nilikasirika. Nilitaka kumuuliza ilikuwaje ajue uchungu wenyewe kwa jina lake, halafu aniletee mimi mbele ya wanaume. Nilimuuliza. Akasema, "Nilitaka mmoja wetu aseme, tupumzike." Sijamsamehe, na sijui kama hilo ni jibu. Lakini alilia na kamasi kama mtoto mdogo, na Limi akamtambalia, naye akampakata akamwita Limi.

Siri hii nimekupa wewe kwa sababu uko mbali, humjui, na wewe ndiye uliyeianza. Ibebe na wewe. Kile kioo cha mume wangu kisiende dirishani maadamu mama huyu yu hai. Ila toa karatasi moja zaidi, umpelekee mume wangu mgodini haraka, kwa sababu hii tuliyonayo Mayu hataki kuiachia. Anasema hakuwahi kumwona amefumbua macho.

Nakutakia Idi njema, wewe na Mwasiti na mama yako.

Scolastika


Kharumwa
14 Desemba 1936

Baba Limi,

Sisi ni wazima, mvua imenyesha, baraza limekwisha na sina kosa. Limi amepata meno mawili. Barua yako ya kuomba radhi naisubiri, uanzie popote.

Fundi Abdu atakuletea picha yako. Itazame vizuri, yule aliyekaa na yule aliyesimama. Mwezi wa kumi uliniuliza swali kwa barua, na kabla sijajibu ulishalipeleka kwa wengine. Leo nakuuliza lile lile.

Huyu wa pili ni nani?

Usinijibu mimi. Omba ruhusa, uje nyumbani, umuulize mama yako.

Mkeo,
Scolastika